Binti Said Alikuwapo Tangu Mwanzo

Juma lililopita nilisikiliza kipindi cha redio kilichoandaliwa kuadhimisha miaka 50 ya muziki wa panki, ule wa magitaa ya kasi na sauti za ukelele, na nusu saa ya kwanza ilinifurahisha mno, kwani kwetu neno panki limebaki kuwa jina la mtindo wa kunyoa, na ni nadra mtu kuukumbuka muziki wenyewe. Zilitajwa bendi zilizostahili kutajwa: Ramones wa New York, Sex Pistols na The Clash wa London. Kisha msikilizaji mmoja, kijana kwa sauti yake, akapiga simu akauliza kama miongoni mwa waasisi hao alikuwapo mtu mweusi hata mmoja. Mtangazaji alimjibu bila kusita kwamba panki ilikuwa hasira ya vijana wa Kizungu, na kwamba weusi waliokuja kuipiga waliiga baadaye. Akaweka wimbo mwingine, na kijana hakusikika tena.

Nilizima redio. Swali lile lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe ni jina ambalo pwani nzima ingelitambua.

Aliitwa Marianne Joan Elliott-Said. Alizaliwa Bromley, kusini mwa London, tarehe 3 Julai 1957, mama akiwa na asili ya Uskoti na Ireland, baba akiwa Msomali, na alilelewa Brixton na mama yake. Asiyejua jina la Said linatokea upande gani wa bahari hajawahi kukaa Lamu wala Zanzibar wala Mogadishu. Mwaka 1976 alikuwa ameshatoa santuri ndogo ya rege kwa jina la Mari Elliott, isiyomfikisha mbali. Siku alipotimiza miaka 19 aliwaona Sex Pistols wakipiga kwenye gati la Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, wakati ambapo bado hawakuwa na santuri hata moja. Aliporudi London aliweka tangazo gazetini kutafuta vijana wenzake wa kuunda bendi. Akafungua kitabu cha simu za wafanyabiashara, akatafuta jina la plastiki kwa makusudi, akajiita Poly Styrene. Bendi yake ikaitwa X-Ray Spex.

Naomba tarehe hizo ziangaliwe vizuri. Mwaka 1977 bendi hiyo ilikuwa inapiga katika ukumbi wa Roxy, mtaa wa Covent Garden, mahali ambapo panki ya London ilipata makao yake ya kwanza, na mweka santuri wa ukumbi huo alikuwa Don Letts, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, aliyejaza nafasi kati ya bendi na bendi kwa rege kwa sababu santuri za panki zilikuwa bado hazijatosha kujaza usiku mmoja. Wakati huo hapakuwa na kitu cha kuiga. Huyo aliyedaiwa kuja baadaye alikuwa jukwaani, na mwenzake alikuwa nyuma ya mashine, wakati muziki wenyewe unazaliwa.

Mimi nilimsikia Marianne kwa mara ya kwanza katika kanda ambayo mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alirudi nayo nyumbani pamoja na zawadi nyingine. Ulikuwa wimbo wake wa 1977. Unaanza kwa sauti ya upole ya msichana anayesema kwamba wapo wanaoamini kuwa wasichana wanapaswa kuonekana tu bila kusikika, kisha sauti hiyohiyo inapasuka kwa ukelele ambao sijapata kuusikia tena kwa mwimbaji yeyote, na saksafoni ya Lora Logic, aliyekuwa bado msichana wa shule, inaingia kama mtu anayevunja mlango. Shangazi yangu alitoka jikoni mikono ikiwa na unga, akauliza, "Huyo mtoto wa watu kapatwa na nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Lakini hakurudi jikoni. Alisimama pale mlangoni mpaka wimbo ukaisha, na mimi tangu siku hiyo sijaacha kuamini kwamba alielewa zaidi yetu sisi tuliokuwa tukijifanya wajuzi wa muziki wa ng'ambo.

Ukelele peke yake usingetosha kunifanya niandike haya. Waliopiga kelele mwaka 1977 walikuwa wengi. Kilichomtenga Marianne ni alichokiona. Wenzake waliimba juu ya malkia, polisi, ukosefu wa kazi na ghasia za mitaani, mambo ya haki kabisa, lakini mambo ambayo gazeti la siku hiyo lilikuwa limeshayaandika. Yeye aliingia dukani. Alitazama rafu za bidhaa, mapazia ya nailoni, mifuko ya plastiki, rangi zinazong'aa kupita za maua, matangazo yanayomwambia mtu kwamba ananuka na kwamba tiba inauzwa, akaona kwamba binadamu anafungwa humo, kwa hiari yake, na anadaiwa bei ya minyororo. Albamu ya X-Ray Spex iliyotoka Novemba 1978 imejaa hayo: msichana asiyeacha kusugua meno kwa hofu ya vijidudu, akili iliyogeuka mfuko wa plastiki na kujaa takataka za kila tangazo, wataalamu wanaounda viumbe maabara, mtu anayejitazama kwenye kioo na kwenye televisheni asijue yupi ndiye yeye. Alikuwa na miaka 21. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, mimi niliutafuta wimbo wake nikausikiliza upya, na ilinichoma kuona kwamba kile tulichokiona sisi baada ya mitaro kuziba na mbuzi kufa, yeye alikuwa amekisema miaka 39 kabla.

Leo watoto wetu wanajipiga picha, wanazisafisha nyuso zao kwa programu za simu, kisha wanazitazama hizo nyuso wasizokuwa nazo na kujichukia. Hakuna mwimbaji wa kizazi kile aliyeliandikia jambo hili mapema na kwa uwazi kama yeye. Nasema hivyo nikiwa nimewasikiliza wengine wote kwa mapenzi.

Naye aliishi alichokiimba. Alipanda jukwaani akiwa na waya za kunyooshea meno mdomoni, katika nguo za rangi kali alizojibunia mwenyewe, katika biashara iliyomtaka kila mwimbaji wa kike awe wa kutamaniwa kwanza. Aliwahi kusema kwamba wakijaribu kumfanya chombo cha tamaa atanyoa kichwa, na akanyoa kweli. Tarehe 30 Aprili 1978, X-Ray Spex walikuwa miongoni mwa bendi zilizopiga Victoria Park, mashariki mwa London, pamoja na The Clash na Steel Pulse, mbele ya makumi ya maelfu ya watu waliotembea kwa miguu kutoka Trafalgar Square kuupinga ubaguzi wa rangi, katika miaka ambayo chama cha National Front kilikuwa kinaandamana hadharani dhidi ya watu wa rangi yake na ya baba yake. Nani basi alikuwa na haki zaidi ya kusimama pale?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila Sex Pistols kwenye lile gati pengine tusingempata. Nakubali pia kwamba baadhi ya vijana wa panki walivaa alama ya Manazi ili kuwakera wazazi wao, na kwamba jambo hilo lilikuwa aibu na limebaki aibu. Lakini aibu ya hao haiwezi kugeuzwa ushahidi kwamba yeye hakuwapo.

Wala hakuwa peke yake. Huko Detroit, ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney, walirekodi nyimbo saba mwaka 1975 kwa jina la Death, kabla Ramones hawajatoa albamu yao ya kwanza. Kampuni kubwa iliwataka wabadilishe jina, David akakataa, mkataba ukafa, na mwaka 1976 wakachapisha wenyewe nakala 500 tu za santuri ndogo. David alifariki mwaka 2000, na albamu ikatoka mwaka 2009. Bad Brains, bendi ya weusi wa Washington, wanajulikana. National Wake wa Johannesburg, weusi na weupe katika bendi moja chini ya ubaguzi wa rangi, walitoa albamu yao mwaka 1981.

Marianne alilipa gharama kubwa. Mwaka 1978, baada ya onyesho moja, aliona mwanga wa waridi angani; madaktari walisema ana skizofrenia, maradhi ya akili, na miaka mingi ikapita ndipo mwaka 1991 ikajulikana kwamba ulikuwa ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Aliiacha bendi mwaka 1979, akatafuta utulivu katika jumuiya ya kidini ya Hare Krishna. Hata hivyo, sauti yake haikukaa kimya. Neneh Cherry, ambaye naye baba yake alitoka Afrika, Sierra Leone, amesema wazi kwamba alijifunza kuimba akiifuata sauti ya Poly Styrene. Wasichana wa Marekani walioanzisha bendi zao za panki mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kathleen Hanna akiwa mbele, walimtaja kama aliyewatangulia. Mwaka 2021 bintiye, Celeste Bell, akishirikiana na Paul Sng, alitoa filamu ya kumbukumbu ya maisha ya mama yake. Sijui kwa nini kazi ya kukumbuka iachiwe familia.

Alifariki kwa saratani tarehe 25 Aprili 2011, akiwa na miaka 53, huko St Leonards, mji ulioungana na Hastings. Gati alilosimama siku ya kutimiza miaka 19 lilikuwa limeungua Oktoba iliyotangulia.

Nimeipelekea redio ile ujumbe wenye jina lake kamili na miaka yote niliyoitaja hapa, nikaomba wimbo wa 1977 uchezwe katika kipindi kijacho, na swali la yule kijana lijibiwe upya kwa sauti ileile iliyomjibu vibaya. Kijana, kama umefika hapa kabla hawajafanya hivyo, tafuta ile albamu ya 1978, uanze upande wa kwanza, na usiipunguze sauti anapopiga ukelele.