SA80: Umbo Lilibeba Lawama za Kiwanda

Ukiitaja SA80 mbele ya wapenzi wa silaha, usishangae wakicheka kwanza. Bunduki hii ya jeshi la Uingereza ilianza kazi mwaka 1985 kwa jina la L85A1, na hadi leo wengi wanaamini kilichoiponza ni umbo lake la bulpapu, yaani magazini (kasha la risasi) na mitambo kukaa nyuma ya kifyatulio, chini ya shavu la mpigaji.

Sifa yake mbaya haikuzushwa. Kwenye Vita vya Ghuba mwaka 1991, magazini zilikuwa zinachomoka zenyewe kwa sababu kitufe cha kuziachia kilijitokeza mno na kubonyezwa na vifaa vya kifuani. Plastiki iliharibika ikiguswa na dawa ya kufukuza wadudu. Pini za kugonga risasi zilivunjika, na mchanga ukiingia bunduki inakwama. Askari aliyepitia hayo ana haki ya kutomsikiliza mhandisi yeyote.

Ila zichukue kasoro hizo mojamoja. Kitufe kirefu, plastiki hafifu, pini dhaifu: ipi kati ya hizo inaletwa na magazini kukaa nyuma? Mimi siioni. Hata mitambo ya ndani chimbuko lake ni bunduki ya AR-18 ya Kimarekani, ambayo si bulpapu. Ninachokiona ni haraka na ubanaji wa matumizi, na kiwanda cha Enfield kilichofungwa mwaka 1988, uzalishaji ukahamia Nottingham.

Halafu kuna suala la vipimo, ambalo wanaocheka hulipita haraka. L85 ina urefu wa milimita 785, na ndani yake umo mtutu wa milimita 518. Bunduki ya M16A2 ya Wamarekani ina milimita 1,006, na mtutu wake ni 508. Yaani Mwingereza alibeba mtutu mrefu kidogo kwenye bunduki fupi kwa zaidi ya sentimita 20. Wamarekani walipotaka silaha fupi walikata mtutu, ndipo M4 ikabaki na milimita 368. Na risasi ya milimita 5.56 ni nyepesi, nguvu yake iko kwenye mwendo, na mwendo unatoka kwenye mtutu. Kwa askari anayeruka kutoka mlango wa nyuma wa gari la deraya, hili si jambo la kwenye karatasi.

Kati ya 2000 na 2002 Heckler & Koch wa Ujerumani walizifanyia ukarabati bunduki zipatazo 200,000, kwa paundi milioni 92. Bolti, kijino cha kuvutia ganda, nyundo, pini, springi na magazini vilibadilishwa. Hata mkono wa kukoki ulichongwa upya, ukapinda kama alama ya mkato, ili ganda linaloruka nje lisigonge na kurudi ndani. Umbo halikuguswa, na bado L85A2, au A2 kwa kifupi, iliyotoka hapo ikawa silaha ya kutegemewa.

Wapinzani wana hoja ambazo hakuna fundi wa kuziziba. Maganda hutokea kulia, kwa hiyo anayelenga kwa bega la kushoto atapigwa usoni, na kwenye kona ya ukuta hilo ni tatizo kubwa. Ikiwa na darubini na magazini iliyojaa, A2 inakaribia kilo tano. Kubadilisha magazini iliyo chini ya kwapa ni kazi ya kujikunja. Vikosi maalumu vya Uingereza vilichagua bunduki ya C8 ya Kanada zamani, na mwaka 2023 Kikosi cha Ranger cha jeshi hilo hilo kikapewa L403A1; zote mbili si bulpapu, ni za ukoo wa AR-15, ule ule wa M16 na M4.

Silaha hiyo mpya inafungwa kinyamazishi, inafaa mabega yote mawili, na mikono iliyozoea M4 haina la kujifunza. Mtutu wake umepungua kwa zaidi ya sentimita 15 ukilinganisha na ule wa L85.