Ziwa tulilipumzisha, vilima je?

Rafiki yangu mmoja wa Tanga ana utani ule ule kila akinipigia simu. "Enhe, mtu wa mwisho wa reli! Bahari huko mnaiona kwenye kalenda?" Namjibu kwamba sisi wa Kigoma bahari tunayo, Ziwa Tanganyika, imekosa chumvi tu. Yeye hucheka. Mimi hapo huwa nasema kweli zaidi ya nusu.

Mezani ninapoandikia kuna gamba la konokono nililoliokota ufukweni Katonga, hapa ziwani kwetu. Ukubwa wake ni wa kidole gumba, ila ni zito kama jiwe na lina matuta kuzunguka. Mpe mtu wa Pangani atakuapia limetoka kwao. Magamba ya namna hii yaliwahi kumpiga chenga hata msomi wa Kiingereza, J. E. S. Moore, aliyekuja huku mwaka 1896 na kurudi 1899. Aliona konokono hawa, tena habari zilishamfikia kwamba Tanganyika ina konyeza, vile vidude laini kama jeli ambavyo watu wa pwani wanavikimbia kwa kuwasha (wa kwetu ni wadogo kama sarafu na hawamdhuru mtu). Akashikilia kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari kilichosahauliwa bara.

Alikosea. Ziwa lilizaliwa kwenye bonde la ufa, mamilioni ya miaka iliyopita, na halikuwahi kuwa bahari. Konokono wake walijivika magamba mazito kwa sababu ya kaa. Kaa wa humu ana gando la kuvunjia. Anauma ukingo wa gamba, anabandua kipande kwa kipande mpaka aifikie nyama. Konokono akiponyoka, anajijenga upya pale palipovunjika. Gamba langu lina kovu la namna hiyo, mstari uliopinda kama mshono wa fundi mwenye haraka. Huyu aliumwa, akapona, akaendelea kukua.

Na hata hivyo undugu na bahari upo. Dagaa wetu ni wa ukoo mmoja na dagaa wa maji chumvi. Mababu zao waliingia mito ya Afrika kutoka baharini zamani za kale. Maji yenyewe yana njia ya kurudi huko. Mto Lukuga unatoka ziwani upande wa Kalemie, ng'ambo huko Kongo, unaingia kwenye mtiririko wa Mto Kongo, na Kongo inamwaga Atlantiki. Kwa hiyo chupa ya maji unayoitupa ufukweni Kibirizi ina safari mbele yake, ndefu lakini ipo.

Nimeyasema yote hayo kwa sababu kila zinapotajwa hatari za bahari, watu wa Kigoma tunageuza shingo kama vile ni habari za Mafia na Zanzibar. Matumbawe kupauka mwaka 1998, baruti za wavuvi wa pwani, joto la maji: tunasema poleni. Kumbe ugonjwa ni mmoja.

Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wenyewe tulisema "kupumzisha ziwa". Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Mjomba wangu alikuwa na kipe, chombo cha kuvulia dagaa, nimekulia kwenye harufu ya karabai, najua tulivyokuwa tunavua: kila usiku usio na mbalamwezi, taa juu ya maji, nyavu chini, na aliyeleta nyavu ya tundu dogo zaidi ndiye aliyeonekana mjanja. Kokoro nalo, wavu wa kukokota hadi ufukweni, lilizoa mpaka watoto wa samaki ambao hata paka angewaonea aibu. Ziwa lilihitaji kupumua.

Lakini wiki moja kabla ya kufungwa nilikwenda kwa mama mmoja ninayenunua kwake dagaa siku zote. Alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja, mkono mmoja unageuza, mwingine unafukuza kunguru. Nikamuuliza miezi mitatu ataishije. Hakujibu hilo. Alinyoosha kidole kuelekea upande wa Mto Luiche, ambako mvua za mwisho zilikuwa bado zinateremsha maji mekundu na doa lake linaonekana mpaka mbali ziwani.

"Mwanangu, ziwa wamelitia kufuli. Na ule mto wameutia nini?"

Sikuwa na jibu, na swali lake halijanitoka. Ule wekundu ni udongo wa mashamba. Tumenyoa vilima kwa muhogo na mkaa, mvua ikinyesha vinashuka vyenyewe. Tope likifika ziwani linakaa juu ya mawe ya pembeni, na hayo mawe ndiyo nyumba: samaki wa mawe, wale wenye rangi ambao wengi wao hawapatikani kokote duniani ila Tanganyika, wanakula ukoga juu yake na kutagia kwenye mianya yake. Mawe yakifunikwa, hakuna sheria ya nyavu itakayowarudisha.

Upande mwingine ni joto. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani baada ya Baikal, ila uhai wake karibu wote umejibana juu. Chini ya mita 100 hadi 200 hivi maji hayana oksijeni. Chakula cha ziwa, yaani virutubisho vinavyolisha mwani unaomlisha dagaa, kimezama huko chini. Kinachokipandisha ni upepo wa kusini wa kiangazi, unaolikoroga ziwa kama mwiko. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mawese kwenye mchuzi, na mwiko haufiki chini. Watafiti waliandika mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka, wakakadiria huenda samaki wamepungua kwa asilimia 30 hivi kwa sababu ya joto peke yake. Mwaka 2016 wengine walichimba tope la chini ya ziwa, wakasoma mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka, wakakuta kupungua kulianza kabla hata ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa miaka ya 1950. Na konokono walikuwa wanapoteza makazi, kwa sababu sakafu yenye hewa inazidi kuwa nyembamba. Huyu wa mezani kwangu alimshinda kaa. Kukosa hewa hakuna gamba la kukuzuia.

Ndiyo maana nakereka ninaposikia mvuvi anatajwa kana kwamba yeye ndiye ugonjwa mzima. Ni rahisi kumkamata: yuko ufukweni, nyavu mkononi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Nyavu zetu zimepimwa tundu kwa tundu. Hizo mita 60 nimeona zikipimwa lini? Shamba la muhogo linafika mpaka mtoni, mkulima ananawa miguu bila kutoka shambani.

Na haiwezi kusemwa kwamba vilima havitengenezeki. Ukielekea kaskazini kwa boti, zamani ulikuwa unauona mpaka wa Gombe, hifadhi ya sokwe, kama umepigwa rula: huku msitu, huku kipara. Tangu mradi wa TACARE, wa kutunza misitu pamoja na wanavijiji, uanze mwaka 1994 na vijiji kutenga maeneo yao ya misitu, kipara kimeanza kuota vichaka sehemu sehemu. Si msitu, lakini mvua inakuta kitu cha kuishika.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti nilirudi kwa yule mama. Chanja kilikuwa kimejaa, kunguru wamerudi kazini. Nikamuuliza vipi, wapo?

"Wapo. Tena wanono." Akachota, akanipimia kopo moja, akatia kiganja cha nyongeza. "Ngoja mvua ije, ndiyo uniulize tena."