Dhambi Inayosimamishwa Mbele ya Watu na Dhambi Inayopewa Kiti cha Mbele

Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania kuna utaratibu unaoitwa kurudi kundini, na makanisa mengine yana wa kwao unaofanana nao. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, au mume na mke walioishi pamoja bila kufunga ndoa, huwekwa kando ya meza ya Bwana. Wakitaka kurudi hupita kwa wazee wa kanisa, hufundishwa, kisha Jumapili moja husimama mbele ya watu wote. Mara nyingine dhambi yenyewe haitajwi, wala hakuna haja, kwa kuwa mtoto aliyebebwa mgongoni ameshaitaja. Aliyempa binti mimba, asipojitokeza mwenyewe, yupo kwenye benchi la kwaya anaimba sauti ya tatu. Na baada ya majuma machache mgeni rasmi wa harambee ya kupaua kanisa atapewa kipaza sauti, atapigiwa makofi, na hakuna atakayeuliza fedha zake zimetoka wapi.

Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Tukijadili lini Mkristo aseme juu ya dhambi na lini anyamaze, tunagawanyika haraka sana. Upande mmoja una Mathayo 7:1, "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Upande wa pili una mlinzi wa Ezekieli 33, yule ambaye asipopiga tarumbeta anadaiwa damu ya walioangamia. Kila upande una andiko lake na kila upande unarudi nyumbani umeshinda. Swali ambalo halipati nafasi ni tunayemwambia ni nani, na maneno hayo yanamgharimu nani.

Niwape haki wanaosema tunyamaze. Hoja yao si woga tu. Wameona vijana waliotengwa na wasirudi tena, wengine wakahamia kanisa la jirani ambako hakuna anayewajua, wengine wakaacha imani kabisa. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 5, anauliza yamhusu nini kuwahukumu walio nje. Hao Mungu atawahukumu. Na Petro, anapowataka waumini wawe tayari kuitetea imani yao, anasema wamjibu kila awaulizaye, "kwa upole na kwa hofu". Mhubiri anayepanda basi la mkoani alfajiri na kuwatangazia jehanamu abiria wenye usingizi anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Hata hivyo, Mathayo 7 haiishii kwenye mstari wa kwanza. Ukifika wa tano unakuta kwamba boriti ikishatolewa, kibanzi cha ndugu nacho kinatolewa. Kinachobadilika ni mpangilio. Na kuna madhambi ambayo ukimya unayalea: mume anayempiga mkewe na wazee wakamwambia mama avumilie, mwalimu wa watoto ambaye kila mtu anajua asiachwe peke yake na wasichana. Kusema "sisi si waamuzi" mbele ya mambo hayo ni kuamua tayari, na kuamua dhidi ya aliyeumizwa.

Afrika Mashariki tuna historia ya kutosha kulipima jambo hili. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, mashariki ya Rwanda. Kutokana na maombi yao na ya wenzao, miaka ya 1930 ulitokea Uamsho uliovuka hadi Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya. Hakuna harakati ya Kikristo katika eneo letu iliyoizungumzia dhambi kwa sauti kubwa kuliko hiyo. Lakini ilianza na dhambi ya msemaji. Mtu aliungama mbele ya wenzake wizi wake, uzinzi wake, chuki yake kwa Mzungu au kwa Mwafrika mwenzake, na aliyeiba alirudisha. Kuungama huko waliita kutembea nuruni. Wamisionari nao waliambiwa watubu kiburi chao, jambo ambalo katika kanisa la kikoloni halikuwa dogo. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda, mhubiri wa Uamsho, akiwa miongoni mwao, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri na kukemea waliyoyaona chuoni.

Waliowafukuza walikuwa na hoja pia. Jumuiya haiwezi kuishi pale kila kijana aliyeokoka jana anapojiona ana ruhusa ya kumwita mwalimu wake mwenye dhambi. Na mambo yaliyofuata yaliwapa ushahidi: katika baadhi ya vikundi ungamo likageuka kuwa shinikizo, watu wakakaguliwa nywele na mavazi, na baadaye kundi moja nchini Uganda likajitenga likihesabu hata kukopa fedha kuwa dhambi. Nuru ikawa tochi ya kumulika uso wa jirani.

Lakini lililo zito zaidi ni Rwanda yenyewe. Nchi ambamo Uamsho ulichipuka ndiyo ambayo mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Walokole, yaani watu wa Uamsho, wengine walikataa kuua na wengine walikufa kwa kukataa, hilo lisifutwe. Lakini maaskofu wakuu wa nchi ile walikuwa karibu mno na dola. Askofu Mkuu wa Kigali wa Kanisa Katoliki, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama tawala. Mahubiri juu ya pombe na zinaa hayakukosekana. Siasa ya kumhesabu jirani kwa kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake haikukemewa kwa nguvu hiyo. Kanisa linaweza kusema dhambi, dhambi, dhambi kutwa nzima na bado likaikosa ile inayoliua taifa, kwa sababu mdomo wake umezoea kufunguka kuelekea chini.

Uamsho huohuo ulimtoa Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 na kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Uganda. Februari 1977, baada ya askari kupekua nyumba yake usiku, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin mwenyewe, wakaeleza mauaji na hofu iliyoenea nchini. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Ninachokitazama hapa, mbali na ujasiri, ni njia waliyoipitia: walimwambia mhusika. Hata kwa dikteta walianza pale Mathayo 18 inapoanzia, "enenda ukamwonye". Binti wa kurudi kundini mara nyingi hapewi hata hilo. Anasikia jina lake limefika barazani kabla ya mtu yeyote kuja kwake.

Wanaoutetea utaratibu huo wana neno moja ambalo siwezi kulipuuza. Wanasema kusimama mbele ya watu ndiko kunakoyakata maneno ya kisimani: akishapokelewa hadharani, hakuna mwenye haki ya kumsema tena, na wapo waliotoka pale wakiwa wepesi kweli. Nakubali. Lakini andiko linalotumika sana kuhalalisha kukemea hadharani ni 1 Timotheo 5:20, "Wale wadumuo kutenda dhambi uwakemee mbele ya wote, ili na wengine waogope", na mstari unaoutangulia unazungumzia mashitaka juu ya mzee, yenye mashahidi wawili au watatu. Ni kanuni ya viongozi. Sisi tumeichukua tukaipeleka kwa wasichana wa miaka kumi na minane, na kwa wazee tumebakiza Wagalatia 6, kurejezana kwa roho ya upole. Ningependa tubadilishane: upole ushuke chini, hadhara ipande juu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema maaskofu waiache siasa. Walutheri walipotoa waraka wao wa Pasaka mwaka 2018, na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilipotoa tamko juu ya mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai Agosti 2023, walijibiwa kwamba wanachanganya dini na siasa. Pingamizi hilo lina uzito katika nchi ya Waislamu na Wakristo: sauti ya askofu ikisikika kama sauti ya kundi, jirani anajihami. Na askofu si mtaalamu wa mikataba. Kwa hiyo anaposema juu ya wizi, uongo na damu yuko shambani kwake, ila akiingia kwenye vifungu ajiandae kubishiwa kama raia mwingine yeyote.

Kenya, Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa serikali vikali, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto na gavana wa jiji walizitoa katika parokia moja ya mtaa wa Soweto jijini humo. Wapo waliosema ni maigizo, kwa kuwa makanisa yamezipokea bahasha kama hizo kwa miongo mingi. Huenda wana haki ya kushuku. Lakini maneno yale yaligharimu kitu, na aliyelipa ni msemaji. Sasa parokia ile, na nyingine nyingi Nairobi, Mwanza na Mbeya, zinabaki na hesabu ambayo tamko la askofu haliwezi kuifanya kwa niaba yao: bila mgeni rasmi, bati zitanunuliwa na nani, na je, waumini wako tayari kusali chini ya turubai mwaka mwingine mzima?