Utumbo wangu hauhitaji chupa yako

Jana asubuhi, kwenye daladala ya Igoma, alipanda tena yule kaka anayeuza dawa ya kusafisha utumbo, kwenye chupa za kijani. Safari hii ana na picha: utumbo mweusi tii kama masizi ya sufuria. "Ndugu abiria, umebeba kilo tano za uchafu tangu utotoni!" Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akafungua pochi. Nilikasirika hadi nikapitiliza Buzuruga.

Jamani, nani hapa hajawahi kuona mbuzi akichinjwa? Mbuzi keshakufa, utumbo uko kwenye beseni, na bado unajinyonganyonga. Nilipokuwa mdogo nilikimbia nikidhani nyoka. Bibi akanicheka, akaendelea kumimina maji. Kumbe utumbo una neva zake ndani ya kuta zake, hausubiri amri ya ubongo. Mwaka 1899 Waingereza wawili, Bayliss na Starling, walikata neva zinazoingia kwenye utumbo wa mbwa. Ulipowekewa kitu ndani, bado nyuma yake ulikaza na mbele yake ukalegea, kikasogea. Ndivyo ugali wa muhogo na sato wako wanavyopita mita kama sita za utumbo mwembamba wakati wewe unabishana mpira.

Na ufagio upo, tena wa bure. Tumbo likiwa tupu, kila dakika 90 hadi 120 hivi, wimbi zito la mikazo huanza tumboni likashuka hadi mwisho wa utumbo mwembamba, likizoa makombo na bakteria. Ule mngurumo unaokuaibisha kanisani mara nyingi ndio zamu ya usafi. Ukila, zamu inakatishwa.

Haya, kukosa choo kupo na kunatesa, hilo sibishi. Maji, matembele, kutembea; ikizidi, hospitali. Lakini shangazi yangu alimaliza chupa kama ile, akakesha chooni, alfajiri miguu inamkaza hawezi kusimama. Kuharisha namna ile hukutoa maji na chumvi, pamoja na potasiamu ambayo misuli inaitegemea, ya utumbo ikiwemo. Yaani umelipia dawa ya kuuamsha utumbo, inaulaza. Hongera!

Nilishuka Nyakato pamoja na yule mama. Chupa ya shilingi elfu saba, iko juu ya dagaa. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, kwani tumbo linakusumbuaje?"

"Marahaba mwanangu. Halinisumbui. Linanguruma tu asubuhi, kabla sijanywa chai."