Printa ya steshenari: wino wa tenki au tona?

Anayefungua steshenari jirani na shule na ofisi ya serikali ya mtaa huingia dukani akiuliza bei ya printa. Bei ya wino huja kuiuliza mwezi wa pili, mashine ikishakuwa yake.

Printa za katriji ndizo nafuu siku ya kununua. Lakini katriji nyeusi ya HP 652 hutajwa kutoa kurasa 360 hivi, wakati chupa nyeusi ya Epson 003, inayojazwa kwenye printa za tenki kama L3110, hutajwa kutoa 4,500. Chupa moja inafanya kazi ya katriji kumi na mbili na nusu. Kwa duka linalochapa CV, barua na mitihani kila siku, sioni utetezi wowote wa katriji. Ila hizo 4,500 usizipangie bei zote. Hupimwa kwa kurasa ambazo wino umefunika sehemu ndogo tu, karibu asilimia 5 kwa kila rangi. Karatasi iliyojaa picha za pasipoti hunywa wino mara nyingi zaidi ya hapo.

Mshindani wa kweli wa tenki ni leza nyeusi, yaani inayochapa rangi nyeusi tu. Ina kasi, tona yake ni unga usiokauka hata duka likifungwa mwezi mzima, na karatasi ikilowa maandishi hayavuji. Hoja hii ya mwisho naiona nzito, maana barua ya mteja hupanda daladala mkononi mwake, kwenye jasho au mvua. Wino wa Epson 003 ukilowa hutawanyika. Wino mweusi wa tenki za Canon G2010 na za HP Smart Tank ni wa pigmenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka majini, unastahimili maji vizuri zaidi, kwa hiyo anayechapa nyaraka nyingi azitazame hizo kwanza.

Leza nayo inakwama pawili. Picha za pasipoti haiwezi, na karatasi ya picha inayong'aa ya printa za wino haifai hata kupitishwa humo, kwani joto linaweza kuiyeyusha na kuiharibu mashine. Pili ni umeme. Leza hupasha moto rola ili tona ishike, hivyo ndogo kama LaserJet P1102 hula takriban wati 360 ikichapa, na L3110 wati 12 hivi. Umeme ukikatika, inveta ndogo ya dukani inaibeba printa ya wino bila shida, na mteja mwenye haraka anahudumiwa.

Lakini kukatika kwa umeme kunaiumiza printa ya wino kwa namna ambayo wengi hawaijui. Ukiizima kwa kitufe chake, hedi, yaani kichwa kinachotema wino, hurudi pembeni na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au kijana wa duka akizima swichi ya ukutani jioni, hedi inaweza kubaki wazi usiku kucha na wino ukagandia kwenye matundu. Asubuhi mistari myeupe inaonekana, unaamuru usafishaji wa hedi, mara moja, mara tatu. Kila usafishaji unamwaga wino mzuri kwenye sponji iliyo ndani ya mashine, na sponji ikijaa printa inagoma hadi fundi aibadilishe na kurudisha hesabu yake sifuri. Wino wa bei poa usiojulikana ulikotoka unaweza kuharakisha yote haya. Kwa hiyo unafuu wa tenki ni wa duka linalochapa kila siku. Ofisi inayotoa kurasa kumi kwa wiki, tena nyeusi tupu, ichukue leza.

Kwa steshenari ya mtaani mimi ningeanza na tenki, kwa sababu ya picha za pasipoti na umeme, kisha msimu wa mitihani ukileta kazi ya marimu ningeongeza leza nyeusi, hata iliyotumika. Na katika tenki ningeuliza jambo moja kabla ya kulipa. Hedi za Canon G2010 na HP Smart Tank huchomolewa na mwenye mashine akaweka nyingine. Ya Epson imejengwa ndani. Hudumu muda mrefu, lakini ikifa ni kazi ya fundi, na gharama yake inaweza kukaribia ya kununua mashine nyingine. Mwenye duka Dar es Salaam atapata fundi Kariakoo. Aliye wilayani, mbali na fundi, achague ile ambayo hedi yake anaweza kuibadilisha mwenyewe.