Oda ya Msiba Isiachiwe Mashine Peke Yake

Baadhi ya wakodishaji wa maturubai, viti, masufuria na jenereta jijini Dar es Salaam wameanza kutumia programu za akili unde zinazojibu ujumbe wa WhatsApp usiku na mchana, na wapo wanaoona kwamba sasa wanaweza kumwondoa mhudumu wa simu, kwa hoja kwamba mashine hailali wala haidai mshahara. Sina ugomvi na mashine inayohesabu viti vilivyobaki stoo, inayozuia turubai moja lisiahidiwe kwa watu wawili siku ya Jumamosi, au inayomkumbusha mteja tarehe ya kurudisha vyombo. Kazi hizo inazimudu vizuri kuliko mtu aliyechoka. Ninachokipinga ni kumwacha mteja akiongea na mashine isiyo na mtu nyuma yake.

Mhudumu mzoefu akipokea simu haanzi na bei. Anauliza ni mtaa gani, Fuso inafika hadi mlangoni au mzigo uhamishiwe kwenye kirikuu, nyaya za umeme zimepita juu ya uwanja au pembeni, chini ni udongo unaopokea vigingi au ni saruji. Mtu aliyewahi kupeleka maturubai Manzese au Tandale anajua kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama shughuli itafanyika, hasa wakati wa masika, turubai lililofungwa ovyo linapojaa maji na kuwaangukia wageni. Maarifa haya hayajaandikwa popote. Yamo vichwani mwa wahudumu na vijana wanaofunga maturubai, na mashine haiwezi kufundishwa jambo ambalo hakuna aliyeliandika.

Msiba ndio unaoidhihirisha tofauti hiyo zaidi. Waislamu wengi huzika siku hiyo hiyo, hivyo vifaa vinahitajika ndani ya saa chache, mara nyingi kabla michango haijakusanywa. Mhudumu hupima neno la ndugu wa marehemu, pengine akampigia mjumbe wa mtaa, kisha akaruhusu gari liondoke na malipo yafuate baadaye. Nimeona jibu la programu ya mkodishaji mmoja kwa mtu aliyeandika kwamba wamefiwa: lilimpongeza kwa shughuli yake, likamtumia orodha ya bei za mapambo na kumtaka alipe nusu kwanza. Maneno hayo yanaumiza, na hakukuwa na namba yoyote ya kumfikia binadamu.

Wanaodhani kosa la mashine litabaki kuwa la mashine waitazame kesi ya shirika la ndege la Air Canada. Programu yake ya mazungumzo ilimweleza abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba baada ya kununua tiketi, jambo ambalo kanuni za shirika hazikuruhusu. Shirika lilijitetea kana kwamba programu hiyo ilikuwa ikijitegemea na kuwajibika kwa matendo yake yenyewe. Februari 2024 baraza la madai la jimbo la British Columbia lilikataa utetezi huo na kuliamuru shirika limlipe. Kwetu pia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatambua haki ya mtu kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mitambo pekee. Kenya ina kifungu cha namna hiyo katika sheria yake ya mwaka 2019.

Kwa hiyo namba ya mhudumu iandikwe katika ujumbe wa kwanza kabisa, na neno lolote la kufiwa limhamishie mteja kwa mtu papo hapo. Mhudumu huyo apewe mamlaka ya kusamehe kianzio bila kumwamsha bosi, tena alipwe posho ya usiku. Mwenye biashara anayeona gharama hiyo ni kubwa ahesabu kwanza wateja waliomjia kwa sababu waliona namba yake ya simu ubavuni mwa turubai lililofungwa vizuri kwenye msiba wa jirani.