"Mmeelewa?" "Ndiyooo!"

Ninafundisha hisabati Kidato cha Kwanza katika shule ya kata, na kwa miaka mingi kila nilipomaliza kueleza jambo niliuliza swali lilelile: mmeelewa? Darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Yes, madam!", utadhani kwaya ya Jumapili. Nikikusanya madaftari, vituko vitupu.

Aliyenizindua ni mvulana mmoja wa dawati la nyuma. Daftari lake lilikuwa safi, hata tarehe kaipigia mstari kwa rula. Nikamwonyesha sehemu, yaani fraction, aliyoinakili ubaoni na kumwuliza, denominator ni ipi hapa? Kimya. Nikarudia kwa Kiswahili: asili ni ipi? Kidole kikatua chini ya mstari papo hapo. "Si hii, madam?"

Kumbe sehemu anazijua tangu shule ya msingi. Kilichomshinda ni jina tu.

Sasa mtoto wa namna hiyo, aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, umkalishe dakika arobaini akisikiliza Kiingereza asichokielewa, atafanya nini? Atamfinya jirani. Atapiga soga. Nasi tutamwandika kwenye orodha ya wapiga kelele. Mafunzo ya mwanzo ya lugha yapo na yanasaidia, ila lugha haipandwi na kuvunwa ndani ya wiki chache.

Siku hizi siulizi tena kama wameelewa. Nimekata maboksi ya biskuti vipande vidogo, kila kimoja kina jina la mwanafunzi, vyote themanini na ushei vimo kwenye kopo la maziwa. Nauliza swali, nawapa dakika moja waelezane wawili wawili kwa Kiswahili, ndipo naingiza mkono kwenye kopo. Utaratibu huo usiupindue: ukitaja jina kabla ya swali, wengine wote wanapumzika. Na jina likishatoka lirudishe koponi, la sivyo aliyekwisha kujibu ndiye anayeanza kusinzia. Jibu natoa nafasi litoke kwa Kiingereza, hata cha kuungaunga, na atakayecheka mwenzake ndiye anayefuata kusimama.

Wapo wenzangu wanaonilaumu, kwa kuwa kibao cha getini kinaagiza Kiingereza tu. Nawajibu kwamba kibao hakifundishi hesabu.

Na fimbo? Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni ziko wazi: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Anayechapa papo kwa papo kwa sababu ya kelele amevunja kanuni, hata kama ofisi nzima ya walimu inafanya hivyo. Mimi mwenyewe nimewahi kuivunja, sijisifu. Darasa lilinyamaza, kweli, na jaribio la Ijumaa likaja na majibu yaleyale mabovu, safari hii yameandikwa kwa ukimya.

Kopo nalo lina wajanja wake. Wiki iliyopita nilihesabu vipande, kimoja kimepungua. Nilikikuta chini ya dawati la nyuma, kimekunjwa mara nne: jina la yule mvulana wa asili. Nimemwandikia kingine, kwa boksi gumu zaidi.